Waliokuja Kumtazama Nyakerario

Sabato hiyo familia ya Ishmael ilirudi kutoka kanisani na kukuta viti vya sebuleni vimegeuka.

Vilikuwa viti vya nyumba yoyote ya Birongo: makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, na viti vya plastiki vya kijani ambavyo majirani huviazima kila wakipatwa na kilio. Asubuhi viliachwa vimeizunguka meza. Sasa vilikuwa vimepangwa mistari, makochi mbele na plastiki nyuma, vimeipa televisheni kisogo, vyote vikielekea mlango wa chumba cha Nyakerario, mama yake Ishmael. Mlango wenyewe ulikuwa wazi. Ukiketi popote hapo sebuleni ungekiona kitanda cha bibi kizee chote, toka mto wa kichwa hadi miguuni. Mimi sisemi viti vina akili. Nasema walichokikuta.

"Nani amegeuza hii viti?" akauliza Jemimah, mke wa Ishmael.

"Si watoto wa Duke wamekuja kuangalia katuni," Ishmael akajibu akilegeza tai. "Hao watoto hawana adabu."

"Na kufuli niliweka mwenyewe?"

"Basi ni wewe umegeuza ukifagia, ukasahau."

Jemimah akaenda kupakua chakula. Mzee wa kanisa habishaniwi siku ya Sabato, hasa akiwa na njaa.

Binti yao Nyanchoka, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliwasikiliza kutoka mlangoni. Alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji juzijuzi tu, na sanduku lake lilikuwa halijafunguliwa lote. Alianza kurudisha viti mahali pake harakaharaka kabla bibi yake hajaingia. Alipoushika mto wa kochi la mbele aliukuta umebonyea na una joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Kisha akasikia harufu ya nta ya mishumaa na vumbi la mapazia ya kale. Harufu hiyo aliijua, na haikuwa ya Birongo.

Nyanchoka alisomea sanaa za maonyesho, na ile safari ya Ubelgiji ilikuwa ziara ya masomo. Walitembezwa kwenye makumbusho, wakachora matao na ngazi za makanisa ya mawe, na jioni wakapelekwa kutazama michezo ya kuigiza katika lugha wasiyoielewa, wakapiga makofi wenzao walipopiga. Alipokuwa akifunga sanduku kwenda huko, Nyakerario alimletea leso yake ya manjano, ile aliyokuwa akiivaa kanisani.

"Baridi ya huko itakula mifupa yako," alisema. "Jifunge hii. Ukiwa nayo ni kama uko mgongoni kwangu."

Na siku aliporudi, kabla hata hajanywa chai, bibi alimshika mkono. "Sasa niambie, mwana one, mwanangu. Nyinyi mlichezea wazungu nini?"

"Harusi, Magokoro," Nyanchoka akasema. "Tulicheza harusi ya Kikisii."

"Na leso yangu?"

"Niliivaa. Mimi ndiye nilikuwa bibi harusi."

Nyakerario alicheka mpaka akafuta machozi. Na asubuhi ya Sabato hii ya viti, wakati wa shukrani, aliinuka mbele ya kanisa zima akawaambia ndugu na dada kwamba leso yake imeolewa Ulaya. Watu walicheka na kusema amina. Nyanchoka aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta fungu kwenye Biblia. Laiti ardhi ingepasuka immeze.

Haikuwa harusi. Yalikuwa mazishi, na maiti alikuwa Nyakerario.

Mambo yalikuwa hivi. Wiki ya mwisho wanafunzi walitakiwa kuonyesha kipande cha kwao, na wakafunguliwa jumba la maonyesho la zamani ambalo lilikuwa limefungwa miaka na miaka likingoja ukarabati, viti vyake vya mahameli vikinuka nta na vumbi la mapazia. Kundi la Nyanchoka lilichagua mazishi ya Kikisii. Kwenye mazoezi walimlilia bibi wa kutunga, na mhadhiri wao, Daktari Anyona, akashika kidevu akasema hakuna uchungu hapo, mnamlilia mtu asiyekuwepo. Maneno hayo yalimchoma Nyanchoka. Alitaka kusifiwa. Basi akaondoa lile jina la kutunga akaweka la bibi yake, akaweka na mambo yake yote: nyimbo zake akichuma majani chai, lile jino lake la dhahabu, na ile siku aliyombeba Nyanchoka mgongoni, mtoto ana surua, akatembea naye hadi zahanati kwenye tope.

Mwenzake Firdaus, msichana wa Kisii mjini ambaye ndiye angeongoza kilio, alimvuta pembeni.

"Nyanchoka, bibi yako si yuko hai? Tafuta jina lingine aki. Kwetu hata utani wa kifo hatufanyi."

"Ni mchezo tu, Firdaus. Ni nani wa Birongo ataona?"

Jukwaani kulikuwa na shimo lenye kifuniko cha mbao, la waigizaji kutokea chini. Hilo ndilo lilikuwa kaburi. Nyanchoka alilala humo amejifunga leso ya manjano, wakamwagia udongo wa bustanini, na Firdaus akalia kwa jina la Nyakerario mpaka walimu wa mstari wa mbele wakatoa vitambaa. Watazamaji walikuwa wachache, mistari miwili tu. Vibaraza vya juu vilifungwa kwa kamba kwa sababu mbao zake zimeoza. Lakini mchezo ulipoisha, makofi yalitoka hata huko juu, mengi, yakaendelea hata baada ya watu wa mbele kuvaa makoti yao. Nyanchoka aliinama akaliinamia lile giza, akasema asanteni.

Akitoka aliona shimo bado liko wazi, kifuniko kimeegemezwa ukutani. Na hapo alikumbuka. Mgusii yeyote, hata asiyejua kuchinja kuku, anajua kwamba kaburi likichimbwa kwa makosa haliachwi hivihivi wala halifukiwi tupu. Hulazwa humo gogo la mgomba, likazikwa mahali pa mtu. Nyanchoka alicheka peke yake, akajiambia Ubelgiji migomba itoke wapi, akakimbilia wenzake waliokuwa wakipiga picha.

Siku chache baada ya Sabato ile ya viti, mvua ya alasiri iliwakuta shambani. Mvua ya Kisii ina saa yake, haichelewi. Nyakerario alikimbia na kikapu chake cha majani chai, na alipofika barazani akateleza akaanguka kwa kiuno. Mabati yalikuwa yakilia kwa mvua. Nyanchoka aliinama kumwinua, na mvua ikakatika ghafla, kama inavyokatikaga huku. Maji yakabaki kudondoka kwenye migomba. Lakini mlio wa juu haukukatika. Uliendelea ndani ya nyumba, laini na wa pamoja, viganja juu ya viganja, ukapanda bibi alipoguna kwa maumivu, ukashuka alipotulia.

"Mvua ya leo inapiga makofi," Nyakerario akasema, akijaribu kucheka.

Nyanchoka aliukodolea macho mlango wa sebule. Ndani hapakuwa na mtu. Viti vilikuwa vimegeuka.

Tangu hapo bibi hakuamka vizuri. Miguu yake ilikuwa baridi hata akiota moto. Jemimah alimkuta asubuhi ana udongo kwenye nywele, akamfuta, akadhani ni wa shambani. Kesho yake ulikuwa kwenye kucha na ndani ya masikio, na haukuwa udongo mwekundu wa Birongo bali mweusi, wenye ubaridi. Zahanati walipima damu, wakapima mkojo, wakasema ni uzee. Viti navyo viligeuzwa na kugeuka, mpaka Ishmael akaacha kuvirudisha na kuanza kupita kando yake bila kuvitazama.

Nyanchoka ndiye aliyemlisha. Bibi alimeza uji kwa shida, kisha akasema kwa sauti iliyobaki, "Niambie tena ile harusi. Nilikaa wapi mimi?"

"Ulikaa mbele, Magokoro."

"Na walinipa chakula?"

"Walikupa, mpaka ukasaza."

Bibi alitabasamu, lile jino la dhahabu likaonekana, na nyuma ya Nyanchoka, huko sebuleni, mtu fulani akakohoa taratibu kama wanavyokohoa watu kabla ya mchezo kuanza. Nyanchoka hakugeuka. Alijichukia siku hiyo kuliko siku zote za maisha yake.

Ishmael aliita wazee wa kanisa waje kuomba. Walikuja mchana na vitabu vyao vya nyimbo, wakaketi kwenye viti vilevile, vikiwa bado vimeelekea chumbani. Orpah, shemasi mnene mwenye sauti nzuri, hakuwa amekaa vyema alipoinuka kwa kishindo.

"Kuna mtu nimemkalia!" akasema.

Wengine walicheka kidogo, lakini kila aliyeketi alianza kuhisi baridi mapajani. Wakaimba. Wimbo ulikuwa mzuri, nao ulipofika mwisho yakaja makofi. Sasa, Wasabato wa Birongo hawapigi makofi wimbo ukiisha. Husema amina. Wote walitazamana kujua ni nani huyo asiye na adabu, wakaona kila mtu ameshika kitabu kwa mikono yote miwili, na makofi yangali yanaendelea katikati yao, karibu na masikio yao, na chumbani Nyakerario anakoroma kama mtu anayefukiwa. Maombi yalifupishwa. Watu wazima walitoka kwa kusukumana mlangoni, na Orpah aliacha kiatu kimoja.

Walipokwisha kwenda, Nyanchoka alipiga magoti kando ya kitanda. Aliamua kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa aliyekuwa akiumia hakuwa hata yule aliyeficha.

"Magokoro, ile harusi..."

"Shhh."

Ilitoka nyuma yake, kwa vinywa vingi pamoja, kwa hasira ya watu waliokatizwa. Macho ya bibi yalitoka, akaanza kupaliwa na kushika koo. Nyanchoka aliziba mdomo wake. Bibi akapumua. Na kitu ambacho binti yule hakuwahi kumwambia yeyote ni kwamba, pamoja na hofu yote ile, alifurahi kidogo kunyamazishwa.

Kesho yake alikwenda Kisii mjini kwa kina Firdaus. Bibi yake Firdaus, Bi Luul, alikuwa na duka la nguo, na watu walimwendea kimyakimya, hata Wakristo, wakiwa na mtoto anayeweweseka au nyumba isiyokalika. Firdaus alikuwa amekwisha kumwambia yote. Bi Luul alifunga pazia la duka, akawakalisha kati ya marobota ya vitambaa.

"Jengo likikaa miaka bila watu, huwa lina wenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Nyinyi mkaenda mkawachezea."

"Bi, si uje uwasomee watoke?" Nyanchoka akanong'ona.

"Jini akiingia bila kuitwa, nitamsomea. Hawa uliwainamia. Ukawaambia asanteni. Hao ni wageni wako, na mgeni wa shughuli hatoki mpaka shughuli imalizike."

"Shughuli gani?"

"Umewaonyesha kaburi, ukawatajia jina, halafu ukainuka ukaenda zako. Wanangoja kuona lile jina likiingia. Nyinyi kwenu kaburi likibaki wazi mnafanyaje?"

Nyanchoka alimweleza habari ya gogo la mgomba. Bi Luul akatikisa kichwa kukubali.

"Fanyeni hivyo, mbele yao. Lakini sikia, mwanangu. Watanyamaza kusubiri jina. Uwaambie huu ni mgomba, basi. Usiwape jina la mtu aliye hai, hata wakutishe namna gani. Ukiwapa, watamngoja huyo."

Firdaus alimshika mkono. "Nitakuja na wewe. Mimi ndiye nililia."

Ilibaki kumwambia Ishmael. Nyanchoka alimwambia nje, kwenye zizi la ng'ombe, mbali na viti, na mara hii hakuna aliyemnyamazisha. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono kama anayetaka kumpiga, akaushusha.

"Mama yangu," akasema. "Ulimzika mama yangu upigiwe makofi?"

"Nisamehe, Tata."

"Alikupa leso yake! Leso ya kanisa!" Sauti ilimkatika. "Na sasa unataka mzee wa kanisa achimbe kaburi mchana, mama yake akiwa hai, majirani wakiangalia? Hiyo maneno ya mizimu mimi nilishaacha."

Jemimah alikuwa amekuja nyuma yao na kijiko mkononi. Alimwonyesha tu mume wake kilichokuwa kwenye kijiko: udongo mweusi, umelowa mate.

"Nimeutoa mdomoni kwake," akasema. "Sasa hivi."

Ishmael alikitazama kijiko. Kisha akaenda kuchukua jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walikuwa wamekaa zaidi ya hapo, na jembe bado lilishikwa na mwenyeji.

Alichimba nyuma ya nyumba, kando ya migomba, mbele ya dirisha la chumba cha mama yake. Alikata mgomba mmoja mnene, akauchonga gogo la urefu wa mtu. Nyanchoka na Firdaus walitoa viti nje kimoja kimoja wakavizungushia shimo, kama vinavyopangwa kwenye kilio. Vya plastiki vilikuwa vizito kupita kawaida. Firdaus alikuwa akisoma dua chini ya pumzi bila kuacha. Gogo likafungwa kwa ile leso ya manjano, na Ishmael alipolibeba mikononi alilia waziwazi, maana uzito wake ulikuwa uzito wa bibi kizee.

Mvua ikaja kwa saa yake.

Iliwapiga wote, ikapiga migomba na lile shimo, lakini Nyanchoka alipotazama viti aliona sehemu za kukalia ni kavu. Maji yalikatika hewani juu ya kila kiti, yakachuruzika pembeni, yakifuata mabega na mapaja ya kitu ambacho macho hayakikuti, kiti hiki na kile, mistari yote, mpaka vile vya nyuma kabisa ambavyo alikuwa na hakika hakuvitoa yeye, vya mbao nyekundu vyenye mito ya mahameli, vilivyoendelea kupangana ndani ya majani chai hadi ukungu ulipovimeza.

"Usiwaangalie," Firdaus akanong'ona. "Sema tu. Sema haraka."

Ishmael alilaza gogo shimoni. Mvua ikaendelea kunyesha, lakini bila sauti. Kila kitu kikanyamaza, hata ng'ombe.

"Huu ni mgomba," Nyanchoka akasema. "Si mtu. Kaburi lilichimbwa kwa makosa, na leo tunalifunga kwa mgomba."

Kimya. Kisha kwa mbali, huko kwenye ukungu, mguu mmoja ukagonga sakafu ya mbao isiyokuwepo. Ukafuata mwingine. Ikawa miguu mingi, yote kwa pigo moja, pigo la watu waliodanganywa mara moja na hawako tayari kudanganywa tena, ardhi ikitikisika na udongo ukianza kumong'onyoka wenyewe kwenye kingo za shimo, na kutoka dirishani ikaja sauti ya Jemimah, kali, isiyo yake.

"Ishmael! Mama hapumui! Udongo unamjaa mdomoni, ninautoa na unajaa!"

Ishmael alikimbilia ndani. Nyanchoka alibaki ukingoni. Alijaribu kusema, na ile "shhh" ikamjia kutoka pande zote, ikamziba koo kama kitambaa, na katika kuzibwa huko alielewa kwamba anaweza kunyamaza hata sasa, kwamba kunyamaza ndiko kulikokuwa rahisi tangu siku ya kwanza, na kwamba bibi yake angekufa akiamini habari ya harusi, akimsifu, na hakuna mtu angejua, na yeye angeishi, angehitimu, angepanda majukwaa mengine, na kila wakipiga makofi angesikia hayo hapa. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akapiga kelele kuelekea dirishani juu ya vinywa vyao vyote.

"Magokoro! Haikuwa harusi! Nilikuzika, Magokoro! Nilikuzika ili wanisifu!"

Miguu ikasita.

"Na aliyelala ndani ya lile shimo hakuwa Nyakerario," akawaambia sasa wale wa vitini, machozi na mvua vikimwingia mdomoni. "Aliyejifunga leso alikuwa mimi. Aliyemwagiwa udongo ni mimi..."

"Nyanchoka, usiseme!" Firdaus alimrukia amzibe mdomo. Alichelewa.

"Cynthia Nyanchoka, binti ya Ishmael, wa Birongo. Jina ni hilo. Mwacheni mzee wa watu."

Makofi yalishuka kama mvua ya mawe. Yalikuwa makofi ya furaha, ya watu walioridhika, wengine nahisi walisimama. Nyanchoka alishika jembe akafukia gogo huku akilia kwa sauti, Firdaus akimsaidia kwa mikono mitupu, na walivyokuwa wakifukia ndivyo makofi yalivyopungua, mpaka ikabaki mvua tu. Nayo sasa ilikuwa ikinyesha kwenye viti na kuvilowesha kama viti vingine vyote. Vile vya mahameli havikuwepo tena.

Dirishani Nyakerario alikohoa kikohozi kirefu, akatema. Kisha wakasikia sauti yake, dhaifu lakini yenye ukali wa zamani.

"Mbona mnaninyima chakula? Hakuna mboga, hata chinsaga, hii nyumba?"

Ishmael alicheka na kulia kwa pamoja, akaimba mstari wa wimbo wa sifa, na wimbo ulipoisha hapakuwa na aliyepiga kofi. Wakasema amina.

Bibi alipona haraka kuliko walivyotarajia. Siku aliyoweza kuketi barazani, alimwita Nyanchoka akae karibu naye, wakawa wakitazama majani chai.

"Nilisikia ulivyopiga kelele," hatimaye akasema.

Nyanchoka alishindwa kumtazama. "Nisamehe, Magokoro."

"Mimi kifo hakinitishi. Kilichoniuma ni ile harusi. Nimeitangaza kanisa nzima!" Alitikisa kichwa, akacheka kwa uchungu. Baadaye kidogo akauliza, "Huko, walilia kweli?"

"Walilia sana."

"Ulisema ile ya surua?"

"Nilisema."

"Basi nimeona matanga yangu. Watu wachache wanapata hiyo bahati." Akamwekea mkono kichwani, mkono wenye joto. "Imeisha, mwana one. Mimi nimesamehe. Lala sasa, huna usingizi wewe."

Nyanchoka alilia mapajani mwake kama mtoto. Alikuwa amesamehewa kweli, na kusamehewa huko kulimuuma kuliko kofi ambalo baba yake hakumpiga.

Wiki ya kurudi chuoni alikuwa akifungasha mchana, wazazi wake wako kituo cha kununulia majani chai. Alitoka kumpelekea ndama maji, akarudi. Alipofungua mlango wa chumba chake alikanyaga kitu kama mchanga. Ulikuwa udongo mweusi. Viti vya sebuleni vilikuwa vimeingizwa chumbani vyote, makochi mbele na plastiki nyuma, ingawa chumba kile hakitoshi hata viti viwili, vimepangwa mistari kukielekea kitanda chake. Kulikuwa na harufu ya nta. Mito ilikuwa imebonyea. Mtu mmoja, nyuma huko, akakohoa taratibu.

Nje wingu lilikuwa limeanza kufunga. Akasikia fimbo ya bibi yake ikija polepole, tok, tok, mpaka mlangoni pake.

"Nyanchoka?" Nyakerario alisimama na kuchungulia kwa macho yake mabovu. "Nani amegeuza hii viti?"

Nyanchoka alipita katikati ya mistari, akahisi magoti baridi yakimpisha upande huu na huu, akafika kitandani akaketi, akamtazama bibi yake aliyesimama mzima katika mwanga wa mlango.

"Ni mimi, Magokoro," akasema. "Nilikuwa nafagia."